Huyu Anafanya Kazi Gani?

Mama yangu alikaa kwetu Nzuguni, Dodoma, wiki tatu baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Alikatazwa kuinama, kubeba ndoo na kukaa penye moshi wa kuni, yaani alikatazwa karibu kila kitu anachokifanya kijijini kwake, upande wa Mvumi, tangu kunapopambazuka. Kwa hiyo jioni tulimweka kwenye kochi, akavua ile miwani myeusi, tukamwashia runinga. Kwa miaka kama minne runinga alikuwa akiisikiliza tu. Sasa anaiona.

Jioni ya pili tuliweka bongo muvi ambayo mke wangu alikuwa ameinunua kwa kijana anayeingiza muvi kwenye flashi, karibu na kituo cha daladala. Jina la muvi hiyo silitaji, maana kasoro yake si yake peke yake. Kuna kijana mtanashati anayeishi kwenye nyumba ya ghorofa. Ana gari, ana mchumba, ana rafiki msaliti, ana mama anayelia. Baada ya kama nusu saa Mama akauliza, "Huyu anafanya kazi gani?"

Tukatazamana. Binti yangu, yuko kidato cha pili, akasema, "Ni bosi, bibi." "Bosi wa nini?" Mke wangu akadakia kwamba ana kampuni. "Kampuni ya kuuza nini, mwanangu?" Hapo hakuna aliyekuwa na jibu. Muvi ikaendelea: kijana akaoa, akasalitiwa, akapata ajali, akazinduka hospitali. Mpaka majina ya waigizaji yanapanda kwenye kioo, hatukuwa tumejua pesa yake inatoka wapi. Mama alikuwa amesinzia kabla hata ya ajali.

Swali lake lilinikaa kichwani. Nimetazama muvi nyumbani kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku zote nilizipima kwa hadithi: inaeleweka au haieleweki, mwisho unashtua au haushtui. Mama alizipima kwa kitu kingine kabisa. Alitaka kumwona mtu akishughulika. Katika wiki zile tatu tulitazama muvi kama kumi, na mwishowe nikajikuta nakubaliana naye: muvi iliyotushika sote pale sebuleni, kuanzia bibi hadi mjukuu, ilikuwa kila mara ile iliyoionyesha kazi ya mtu kwa ukweli na kwa subira. Zile zilizoiruka kazi zilituachia makelele.

Ya kwanza kutushika ililetwa na mpwa wangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Ni The Boy Who Harnessed the Wind, iliyotoka mwaka 2019. Aliyeiongoza ni Chiwetel Ejiofor, ambaye humo ndani pia ndiye baba. Inasimulia habari za kweli za William Kamkwamba, kijana wa Wimbe, wilaya ya Kasungu nchini Malawi, ambaye wakati wa njaa ya 2001 na 2002 alitengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu baada ya kusoma kitabu cha maktaba. Wengi wanaijua kama hadithi ya mtoto mwenye akili. Sisi hatukuitazama hivyo.

Muvi hiyo imegawanywa kwa majira ya shamba: kupanda, kukua, kuvuna, halafu njaa, halafu upepo, na kila sehemu ina jina lake la Kichewa. Binti yangu aliposoma kwa sauti "Njala", Mama akajibu palepale, "Nzala," kwa Kigogo, kama mtu aliyeitikia hodi. Kuanzia hapo hakuegemea tena kochi.

Kuna mahali baba anaendelea kulima wakati ardhi imekwisha kukauka. Anainua jembe, analishusha, udongo haukubali. Hakuna anayemweleza mtazamaji chochote. Mimi niliona ni mtu mbishi. Mama akasema, "Jembe halishiki, na yeye anajua kwamba halishiki. Anaona aibu kukaa." Nilirudisha nyuma tukatazama tena, na kweli ndivyo kilivyochezwa kipande kile. Mtu anapiga jembe kwa sababu baba mwenye watoto wenye njaa hawezi kuonekana amekaa mchana. Ejiofor angeweza kuandika maneno ukurasa mzima ya baba akilia mbele ya mkewe, na nina hakika waandishi wetu wangeyaandika. Yeye aliyaweka yote kwenye mpini wa jembe, na mwanamke aliyelima miaka hamsini katika nchi inayopata mvua za kati ya Desemba na Aprili tu akayasoma bila kusaidiwa.

Kwetu Ugogo njaa zina majina kama watu. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya mwaka 1918 hadi 1920. Majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikakataa. Bibi yake Mama alikuwa msichana wakati huo. Habari za Mtunya Mama hutusimulia kwa kifupi sana, na nimekuja kugundua kwamba huzisimulia kwa kazi: nani alichimba mizizi gani, nani alitembea siku ngapi na mbuzi akatafute pa kubadilisha na uwele. Hasemi watu walivyohuzunika. Nadhani ndiyo sababu muvi ile ya Malawi haikuwa ngeni kwake.

Kisha likaja suala la baiskeli. Kijana anaihitaji baiskeli ya baba yake kwa ajili ya kinu, na itabidi ikatwe. Baba anakataa. Mwandishi mvivu angemfanya baba kuwa mjinga asiyependa elimu, lakini huyu si mjinga, na ndani ya nyumba ile hakuna mali inayoizidi baiskeli. Vinagombana vyombo viwili vya kazi, na wote wawili wana haki. Pale sebuleni binti yangu alikuwa upande wa kijana, Mama upande wa baba, na mimi nilihamahama. Ubishi uliendelea mpaka luku ya umeme ikaanza kulia.

Siku mbili baadaye tuliweka The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, ya mwaka 2021, iliyoshinda tuzo kubwa ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Burkina Faso, mwaka huohuo. Mambo yanatokea Djibouti na lugha ni Kisomali. Guled ni mchimba makaburi. Yeye na wenzake hukaa nje ya hospitali na sepetu zao wakingoja mtu afe ili wapate kibarua. Mkewe Nasra anaumwa figo, na upasuaji unataka dola 5,000.

Tatizo letu lilikuwa maandishi ya chini: yalikuwa ya Kiingereza, na Mama hasomi. Binti akajitolea kumtafsiria. Alifanya hivyo vizuri mwanzoni, kisha nikaona anakaa kimya kwa vipande virefu, na Mama haulizi. Hakuuliza kwa nini wanaume wale wamekaa na sepetu. Hakuuliza Guled anakwenda wapi anaposhika njia kwa miguu kurudi kijijini kwao kudai mifugo yake. Guled alipofika kule ndugu wakamgeuka kwa sababu alitoroka na Nasra bila ridhaa yao, Mama akatikisa kichwa na kusema, "Hawampi. Ng'ombe hawatoki hivyo." Alikuwa amewaelewa kabla binti hajafungua mdomo. Palipokuwa na maneno matupu mkalimani alihitajika, na palipokuwa na mtu na sepetu yake, au mtu na mbuzi wa baba yake, tulimsahau.

Hapa nilitofautiana na mpwa wangu. Yeye ni mpenzi wa muvi zilizotafsiriwa, zile ambazo msimulizi anaongea Kiswahili juu ya sauti zote, anawapa wahusika majina ya mtaani na kutia vichekesho vyake. Aliniambia ningetafuta iliyotafsiriwa nisingemsumbua binti. Siidharau kazi hiyo. Nimekulia kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea muvi, naijua sauti ya msimulizi Lufufu, na najua kwamba bila watu wa aina yake mamilioni yetu tungekuwa tunatazama midomo ikichezacheza tu. Ni ufundi, na unastahili heshima kuliko inayopewa. Lakini msimulizi analipwa kwa kuongea. Ukimya unamtisha, anaujaza. Baba anapopiga jembe kwenye udongo mkavu, yeye atakwambia "mzee hapa kachanganyikiwa", na utakuwa umenyimwa nafasi ya kuona aibu ya yule mzee kwa macho yako. Mpwa alisema mimi nataka watu wote watazame kama wapo msibani. Hatukuafikiana, na sijabadili msimamo.

Sasa nirudi kwenye bongo muvi, maana ndizo zinazoniuma. Za Djibouti zina wenyewe.

Kwa nini watu wetu kwenye muvi hawafanyi kazi? Jibu la haraka ni fedha. Nyumba ya kuazima kwa siku chache ni nafuu kuliko soko zima, na mtu akikaa kwenye kochi huhitaji kumwangalia aliyepita nyuma yake akipungia kamera mkono. Kuna kibali pia, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na hata ukiwa nacho, kila ofisi au soko lina mkubwa wake wa kukuuliza maswali. Haya ni kweli, na anayeyabeza hajawahi kusimama na kamera katikati ya watu wenye haraka.

Ila kuna urithi ambao hatuuzungumzii. Muvi zetu zilizaliwa na michezo ya kuigiza ya runinga. Waliokuwa wakiacha shughuli zao kuwahi vipindi vya kikundi cha Kaole pale ITV wanakumbuka: sebule, mlango, mtu anaingia, maneno. Muvi ya Girlfriend ilipotoka mwaka 2003 na biashara ya kanda na baadaye DVD ikachanua, tulikihamisha kitu kilekile. Ikaja desturi ya sehemu ya kwanza na ya pili, hadithi moja inauzwa mara mbili. Ukitaka kujaza sehemu mbili kwa siku chache, maneno ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote. Watu wawili wakibishana dakika kumi, umepata dakika kumi. Kupukuchua mahindi kwa dakika moja tu kunataka mahindi, mtu anayejua kupukuchua, na mpiga picha anayejua aiweke wapi kamera ili vidole vionekane.

Mwigizaji Steven Kanumba, Mungu amrehemu, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 nchi ilisimama, na alistahili. Alikuwa na uso ambao kamera iliupenda. Ninachojuta ni kwamba baada yake wengi walibakiza suti na kochi lake, wakaiacha juhudi yake.

Na hoja ya fedha haimalizi jambo. Mpwa huyohuyo, pengine kwa kutaka kunipima, aliniletea These Hands ya Flora M'mbugu-Schelling, ya mwaka 1992. Haifiki hata saa moja. Ni wanawake wanaovunja mawe kuwa kokoto kule Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna msimulizi wala kisa. Nyundo inashuka, jiwe linapasuka, na watoto wako pembeni. Nilitegemea nyumba nzima italala. Mama alitazama hadi mwisho bila kugeuza shingo. Dodoma imejengwa juu ya majabali, na wanawake wa kokoto tunawapita kila siku kandokando ya vilima, wamejikinga jua kwa kiroba kilichofungwa kwenye fito. Tunawapita na kuwaita "wale wa kokoto", basi. Mke wangu, ambaye amenunua kokoto za kujengea nyumba hii tunayokaa, alisema hajawahi kufikiria kwamba debe moja ni mapigo mangapi. Hiyo ni muvi ya Mtanzania mwenzetu, tena mwanamke, iliyotengenezwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita mahali pamoja penye mawe. Haikuhitaji ghorofa wala gari la kukodi.

Sisemi wa leo hawajaribu. Muvi iitwayo Binti, ya Seko Shamte, ya 2021, inaanza kupata uzito pale unapomwona mwanamke na biashara yake na deni linalomfuata, kwa sababu deni la mwenye duka linaeleweka Dar, linaeleweka Majengo, linaeleweka Kongwa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, nayo ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni nzuri kwa macho kuliko karibu kila kitu tulichowahi kukitengeneza. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anayeikimbia ndoa aliyoozeshwa, Denge na siri zake za kudai uhuru. Binti yangu aliipenda mno. Mimi niliipenda, ila mara mbili tatu nilihisi mwanga umependeza mpaka watu wamegeuka picha ya ukutani, na nilitamani nimwone Denge akihangaika zaidi na makaratasi yake na woga wake. Mama alisifu kanga. Bado ni muvi ninayoweza kumwekea mgeni kwa fahari.

Kitu kingine kidogo, kwa kuwa nimefika hapa: muziki. Bongo muvi nyingi zinafunikwa na kinanda kimoja kilekile cha huzuni, kinaanza mtu akinuna na hakizimi mpaka anune mwingine. Hii ni nchi ya Hukwe Zawose, aliyeipeleka zeze na ilimba ya Wagogo duniani kote kabla hajafariki mwaka 2003. Wanawake wetu wanapiga ngoma ya muheme. Inaniumiza kusikia kinanda hicho hata katika muvi inayodai kutokea kijijini kwetu.

Ningependa sana mtu aje apige muvi huku kwetu, na hadithi asiitafute mbali. Aende Kibaigwa kwenye soko la mahindi akae siku tatu tu kabla hajaandika neno. Atazame wanaume wanavyoshona magunia kwa shazia, uzi wa katani unavyopita, na gunia la lumbesa linavyopewa kilemba juu mpaka linaonekana kama mtu mwenye nundu. Lumbesa peke yake ni muvi nzima: mkulima anayejua anaibiwa mbele ya macho yake, mnunuzi anayejua kwamba mkulima anajua, na mshonaji katikati anayelipwa kwa gunia, ambaye naye ana shamba kwao. Hakuna mtu wa kusema "nakuchukia" hata mara moja. Kila kitu kimo kwenye ile dakika ya kuongeza debe la mwisho.

Au aende Hombolo au Chinangali kwenye zabibu. Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikiiva hazimsubiri mtu. Mkulima amekopa, amekata matawi kwa wakati, amepiga dawa, amefukuza ndege, na sasa vichala vimeiva na gari la mnunuzi halijaja. Ana siku chache. Nani anahitaji rafiki msaliti hapo? Jua la Dodoma linatosha kuwa adui. Nataka kumwona akiinua kichala, akikigeuza, akiangalia kama punje za chini zimeanza kunywea, na nataka kamera imwache afanye hivyo bila kinanda.

Mama alirudi kijijini wiki mbili zilizopita, macho yake mazuri, na onyo la kutokuinama amekwisha kulisahau. Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka huko. Akaniambia kila jioni majirani wanakuja kumpa pole ya macho, wanamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mbukwenyi," wanakaa, na yeye anawasimulia habari za kijana wa Malawi. Anaanzia kwenye jembe lisiloshika udongo, anapita haraka kwenye shule na maktaba, halafu anafika kwenye baiskeli na hapo anakaa muda mrefu: fremu ilivyokatwa, tairi ilivyotolewa, baba alivyosimama. Wazee wawili wanashikilia kwamba baba hakupaswa kukubali, maana baiskeli ndiyo ingewapeleka mbali kutafuta chakula. Mama, ambaye kwangu alikuwa upande wa baba, sasa anamtetea kijana. Mpaka juzi usiku walikuwa hawajaafikiana.